Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi: Daraja la Reli la Jinja Lilindwe Sasa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu daraja la chuma linalovusha reli juu ya Mto Nili hapa Jinja, nikiomba hatima yake iamuliwe kabla reli mpya haijafika mtoni.

Reli kutoka Kenya ilifika Jinja mwaka 1928, ikakwama ukingoni. Ilibidi daraja hili lijengwe ndipo treni ifike Kampala mwaka 1931, na pamba ya Buganda, ambayo awali ilitegemea meli za Ziwa Victoria hadi Kisumu, ikapata njia ya nchi kavu hadi bandari ya Mombasa. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954 na maporomoko ya Ripon kufunikwa na maji, daraja lilikuwa limekwisha kuhudumu zaidi ya miaka ishirini. Reli ilipofikishwa Kasese mwaka 1956, shaba ya mgodi wa Kilembe nayo ikawa inavuka hapa kwenda kuyeyushwa Jinja. Sidhani kama kuna chuma kingine nchini kilichobeba uchumi wetu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mwezi Oktoba 2024 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, ilhali ya zamani ina milimita 1,000, na kwa hiyo treni mpya haziwezi kupita juu ya njia iliyopo darajani. Siku mizigo itakapohamia huko, nani atalipia rangi ya kuzuia kutu, nani atakaza boliti, nani atabadilisha mataruma?

Hofu yangu si ya kubuni. Reli ya Jinja hadi Namasagali, iliyofunguliwa mwaka 1912, ilipokosa kazi ilitelekezwa, na bandari iliyoitegemea ikafa nayo. Chuma kisicho na mwenyewe hugeuka haraka kuwa chuma chakavu, na wanunuzi wa chakavu hawana uhaba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba Wizara yako ishirikiane na Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale ili daraja litangazwe rasmi kuwa turathi ya taifa. Naomba pia wahandisi walikague mihimili na misingi yake, na ripoti yao iwekwe wazi kwa wananchi. Zaidi ya yote, fungu la matengenezo litengwe katika bajeti kuanzia sasa, treni zingali zinapita. Iwapo ukaguzi utaonyesha kuwa linafaa, wakazi wa Jinja na Njeru tungefurahi kuona sehemu yake ikigeuzwa njia salama ya waenda kwa miguu, kwa kuwa watalii wanaofuata chanzo cha Nili wako hapo hapo jirani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Jinja