Barua kwa mwanangu: Ireland na vita ambayo haikupigana

Buncrana, Donegal

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Salamu zako nimezipata, na ile video nimeitazama mpaka mwisho, ingawa kabla haijafika hata nusu nilishataka kuizima. Kijana anajua kuongea, hilo simnyimi. Eti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyambizi za Hitler zilikuwa zinakuja kujaza mafuta kwenye ghuba za Ireland usiku. Eti Waziri Mkuu wao alimlilia Hitler. Na sasa wenzako wa hosteli wanakuuliza baba yako anatafuta nini kwa watu wa namna hiyo. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ninapoishi mambo yenyewe yamenizunguka kila upande, na kwa sababu uongo wa video hiyo ni nusu tu ya uongo uliopo. Nusu nyingine wanajiambia Waairishi wenyewe.

Tuanze na mafuta. Nchi hii haikuwa na tone la kwake. Petroli na makaa ya mawe vilitoka Uingereza, na vita vilipokolea Waingereza wakabana. Magari ya watu binafsi yakapotea barabarani. Treni zikawa zinakwama njiani kwa kukosa moto wa kutosha. Watu wakaingia mabwawani kukata mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza unaowaka ukikauka, wakaianika ikauke, wakaifanya kuni; Phoenix Park, ile bustani kubwa ya Dublin, ikajaa malundo ya mboji marefu kama nyumba. Gesi ya kupikia ilifunguliwa kwa saa maalumu, na alikuwepo mkaguzi aliyepita nyumba kwa nyumba akigusa jiko kwa kiganja aone kama limewashwa nje ya saa zake. Wazee ninaowahudumia kazini walisimuliwa habari za mkaguzi huyo na wazazi wao, na mpaka leo wanamcheka. Chai ilifikia nusu aunsi kwa mtu kwa wiki, yaani gramu 14 hivi. Bibi mmoja hapa, amevuka miaka tisini, anakumbuka mama yake akianika majani ya chai dirishani ili yachemshwe tena kesho. Nyumba zinazoanika majani ya chai zitatoa wapi dizeli ya kulisha nyambizi?

Nyambizi iliyokuja kweli ilikuja mchana, watu wanaiona. Ilikuwa tarehe 4 Oktoba 1939, vita havijatimiza hata miezi miwili. Nyambizi U-35 ilikuwa imezamisha meli ya Wagiriki iitwayo Diamantis. Nahodha wake, Werner Lott, aliwapakia mabaharia wote 28 wa meli hiyo, akawaleta hadi ghuba ya Ventry, huko Kerry, akawashusha wachache wachache kwa kimtumbwi, kisha akaondoka zake. Wanakijiji walisimama ufukweni wakitazama. Hadithi ya mafuta sijui ilizaliwa wapi, lakini ukiwa na ghuba moja iliyotembelewa na nyambizi mbele ya kijiji kizima, midomo ya watu hufanya kazi iliyobaki.

Sasa, kwa nini hawakupigana? Hapa nikitoka nyumbani na kufuata pwani ya Lough Swilly nafika Dunree, ngome iliyo juu ya jabali, mizinga yake imeelekezwa majini. Mkataba wa 1921 kati ya Waairishi na Waingereza uliipa Ireland ya kusini serikali yake, lakini Waingereza walibaki na bandari tatu: Cobh, Berehaven na hii yetu ya Lough Swilly. Mkataba huohuo uliwagawa Waairishi wakapigana wenyewe kwa wenyewe 1922 na 1923, ndugu akimpiga ndugu. Ndipo 1938 Éamon de Valera, Waziri Mkuu, akafanikiwa kurudishiwa bandari hizo. Winston Churchill aliupinga uamuzi huo bungeni London na hakuusamehe maisha yake yote. Ukiuelewa huo mwaka 1938 umeelewa mengi. Bila bandari zile kurudi, Ireland ingejikuta vitani siku ya kwanza, itake isitake, maana meli za kivita za Kiingereza zingekuwa zimetia nanga ndani ya nyumba yake. Na de Valera akijiunga na Uingereza, miaka kumi na sita tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, huku Ireland Kaskazini bado iko chini ya Waingereza, angewasha moto mwingine nyumbani. Bunge karibu lote lilimuunga mkono. Mbunge aliyesimama waziwazi kupinga, James Dillon, ilibidi aondoke kwenye chama chake mwaka 1942.

Hawakukiita kipindi hicho vita. Walikiita Dharura, na mpaka leo wazee wanasema hivyo, "wakati wa Dharura," kana kwamba ni bomba la maji lililopasuka.

Lakini usidhani walikaa katikati. Walikuwa wanauma na kupuliza, na kupuliza kwingi kulielekea upande mmoja. Kusini kidogo ya hapa, kati ya ziwa Erne na bahari, kuna kipande chembamba cha ardhi ya Ireland. Mwaka 1941 de Valera aliwaruhusu Waingereza kwa siri warushe juu yake ndege zao zinazotua majini, zikafika Atlantiki bila kuzunguka kaskazini. Tarehe 26 Mei mwaka huo ndege mojawapo iliyoondoka Erne ndiyo iliyoiona manowari ya Kijerumani, Bismarck, ikikimbilia Ufaransa. Kesho yake ilizamishwa. Na nikuchekeshe kidogo: rubani msaidizi aliyeiona, Leonard Smith, alikuwa Mmarekani, na Marekani wakati huo nayo ilikuwa inasema haimo vitani.

Siku nne baada ya Bismarck kuzama, mabomu ya Kijerumani yaliangukia mtaa wa North Strand, Dublin, yakaua watu 28. Mwaka uliotangulia yalikuwa yameua wanawake watatu kwenye kiwanda cha maziwa huko Campile. Kwa hiyo anayesema Ireland ilikaa salama ikitazama wenzake wanakufa, mwambie hilo nalo.

Kilichonigusa kuliko vyote ni habari ya hali ya hewa. Kwenye mnara wa taa wa Blacksod, Mayo, vipimo vya hewa viliendelea kutumwa Uingereza kipindi chote cha vita. Mei na Juni 1944 aliyekuwa akivisoma ni msichana wa posta, Maureen Flavin. Usiku wa tarehe 3 Juni, siku anatimiza miaka 21, alisoma kipimo cha mgandamizo wa hewa akaona kinaporomoka haraka. Akatuma. Simu ikalia, sauti ya mwanamke wa Kiingereza ikamwomba ahakikishe. Akahakikisha. Ikalia tena, ombi lilelile. Yeye alidhani amekosea hesabu. Kumbe jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao), alikuwa anangoja kuamua kama askari wake wavuke kwenda Ufaransa tarehe 5. Dhoruba ilikuwa inakuja. Wakaahirisha hadi tarehe 6. Flavin aliendelea na kazi yake ya posta, na miaka mingi ilipita kabla hajaambiwa alichokifanya. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 100.

Mimi nimekwenda Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa (ndiyo, "kusini" ya huku iko kaskazini kuliko Ireland Kaskazini, usiniulize zaidi). Pale juu ya nyasi kuna herufi E-I-R-E, jina la Ireland kwa Kiairishi, zilizopangwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila herufi ndefu kuliko mtu, na pembeni namba 80. Vituo zaidi ya 80 vya kulinda pwani viliwekewa alama hizo kuwaambia marubani kwamba hii ni nchi isiyopigana. Baadaye wakaongeza namba. Alama ya kuonya tu haihitaji namba. Namba ni kibao cha njia: rubani wa Marekani aliyetoka kuvuka Atlantiki akiona 80 anajua yuko wapi hasa.

Marubani walioanguka hadithi yao ni ya kuchekesha na ya aibu kwa pamoja. Kisheria walitakiwa wafungwe mpaka vita viishe, na kambi ilikuwa Curragh, Waingereza upande mmoja na Wajerumani upande mwingine. Novemba 1941 ndege ya Spitfire iliharibika injini hapahapa Inishowen, rubani wake Roland Wolfe, Mmarekani aliyejiunga na Waingereza, akaruka kwa mwavuli. Akapelekwa Curragh. Huko wafungwa waliruhusiwa kutoka kutembea, hata kwenda baa, wakiahidi kurudi. Wolfe akatoka, akapanda treni mpaka Belfast, akarudi kikosini kwake. Unajua Waingereza walimfanyaje? Walimrudisha kambini. Kuvunja ahadi kungeharibu mapatano yaliyokuwa na faida kubwa zaidi kwao. Kadiri vita vilivyoendelea, marubani wa Washirika walioanguka Donegal walikuwa wanavushwa kimyakimya kuingia Ireland Kaskazini, wakisingiziwa kuwa walikuwa mazoezini. Wajerumani walikaa mpaka mwisho. Ndege ya Wolfe ilifukuliwa kwenye tope la mboji mwaka 2011, na bunduki yake moja ilisafishwa ikafyatua risasi kama ya jana.

Februari 1945 waziri wa Uingereza, Cranborne, aliandikia baraza lao la mawaziri orodha nzima ya misaada ya Ireland. Ilikuwa siri. Miezi mitatu baadaye, Mei 13, Churchill akasimama redioni akaishutumu Ireland kwa kucheza na Wajerumani. Kwa hiyo ukiona hadithi ya nyambizi inaishi hadi leo, jua kuna aliyejua ukweli na akachagua kunyamaza.

Na hapa ndipo ninapowageukia wenyeji wangu. Wao wanapenda kusimulia jibu la de Valera, siku tatu baadaye, la utulivu kabisa, akimuuliza Churchill kama hana ukarimu wa kutambua taifa dogo lililosimama peke yake karne kadhaa dhidi ya uonevu. Ni hotuba nzuri kweli. Lakini tarehe 2 Mei, majuma mawili kabla, mtu huyohuyo alikwenda kwa balozi wa Ujerumani, Eduard Hempel, kuhani msiba wa Hitler. Hakulia, video inasema uongo. Alikwenda kwa itifaki: Rais Roosevelt wa Marekani alipokufa mwezi uliotangulia Bunge la Ireland liliahirishwa kwa heshima yake, na de Valera aliona kutokwenda kwa Hempel kungekuwa kumvunjia heshima balozi ambaye binafsi aliishi naye kwa adabu. Sisi pia tunajua mtu huenda msibani kwa asiyempenda, kwa sababu ya wafiwa. Lakini Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Hitler, ilikuwa imekombolewa tangu Aprili 15, dunia imeona maiti. Kuna misiba mtu hujifanya anaumwa akabaki nyumbani, na mimi sijaona hoja ya kunibadilisha mawazo.

Zaidi ya ziara ile, linaloniudhi ni mlango. Wayahudi waliokimbia Ujerumani walioruhusiwa kuingia Ireland walikuwa wachache mno. Mwakilishi wa Ireland Berlin mpaka 1939, Charles Bewley, alikuwa mtu wa kuwachukia Wayahudi, na ripoti zake zilisomwa Dublin. Vita vilipoanza, wakaguzi wa habari walifuta magazetini chochote kinachoelekea kuhukumu upande wowote, hata ukatili wenyewe. Kutopigana halikuwa kosa. Kufunga mlango na kufunga masikio havikulazimishwa na kutopigana, na mtu akisema vilikuwa kitu kimoja anamsaidia aliyeufunga mlango.

Kisha wako waliokwenda. Maelfu kwa maelfu ya Waairishi wa kusini walijiunga na majeshi ya Uingereza kwa hiari, na wengine wengi wakafanya kazi viwandani huko. Karibu 5,000 walikuwa tayari askari wa Ireland. Waliacha kambi wakavuka kwenda kupigana na Hitler. Vita vilipokwisha, amri ya 1945 iliwanyima malipo na kuwafungia ajira za serikali kwa miaka saba. Watu walikufa na jina la mtoro. Sheria ya kuwasamehe ilipitishwa 2013, wengi wao wako makaburini.

Hayo ndiyo utakayowapa wenzako. Lipo jambo jingine, nalo lina njia ya kufika kwetu Kigoma. Ireland iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 1955, na 1960 Kongo ilipowaka, askari wake walitumwa kulinda amani, kwa sababu haikuwa na koloni wala haikuwemo NATO. Walifika wakiwa wamevaa sare nzito za sufu, za baridi ya huku, katika joto la Katanga. Kikosi kimoja kiliweka makao Albertville, yaani Kalemie ya leo, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 8 Novemba 1960 doria yao ilivamiwa Niemba na wapiganaji wa Kibaluba, wakafa tisa. Mwaka uliofuata wengine zaidi ya 150 walizingirwa Jadotville, Likasi ya sasa, wakapigana siku kadhaa mpaka maji na risasi vikaisha, wakajisalimisha wote wakiwa hai.

Babu yako miaka ile alikuwa kijana, anavusha dagaa kwenda Kalemie. Ukienda Ujiji likizo hii, muulize kama aliwahi kuwaona wazungu wenye sare za sufu, na kama aliwauzia chochote. Mrekodi kwa simu, usimwandikie muhtasari, nataka sauti yake. Nina mzee hapa ambaye kaka yake alikuwa kikosi kile, na nimemwahidi.

Ada nimetuma, angalia akaunti Jumanne. Nisalimie mama yako.

Baba yako