Rahma, Bibi anamtafuta Bi Zuwena

Ng'ambo, Unguja

Mpenzi Rahma,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Nassor na watoto, na joto la Maskati limekupunguzieni kidogo. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, Maulidi anakusalimu, na Bi Mwanakhamis kila akiniona anauliza kama utakuja harusini au utatuma zawadi tu kama mara ile. Salamu zote zimefika. Sasa nisikilize, maana nina haja, na haja yenyewe haingoji.

Nataka uniunganishe na Bi Zuwena, bibi yake Nassor. Baada ya Iddi ulinitajia kwa kupita tu kwamba daktari kamkataza sukari na yeye anaficha halua chini ya mto. Tulicheka, yakaisha. Kumbe huyo ndiye Zuwena wa Bibi yangu, aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwetu, akaondoka baada ya Mapinduzi na watu wao.

Ilikuwa hivi. Ijumaa baada ya sala Bibi alinitaka nimtolee daftari lake la namba za simu. Unalikumbuka, lile la jalada jekundu lililokuwa likikaa chini ya simu ya mezani, enzi za simu za waya. Akaniambia nisome jina moja moja. Yeye amekaa mkekani anasuka ukili. Macho yamepungua sana, lakini vidole havijasahau kitu. Nikisoma, anajibu.

"Bi Asha wa Kikwajuni."

"Kafa."

"Fundi Saidi."

"Kafa, Mungu amrehemu."

"Mwalimu Haji."

"Huyo si ulikwenda mazikoni kwake?"

Tukaenda hivyo karatasi baada ya karatasi, ukili unazidi kurefuka mapajani mwake. Hakulia, Rahma. Alikuwa akijibu kama mtu anayehesabu nguo alizoanika. Nilipofika "Zuwena, Maskati", vidole vikasimama. Akasema, "Huyo sijaambiwa."

Ndiyo maana nakuandikia. Na ndiyo maana lile suali lako la kwenye sauti uliyonitumia haliniondoki kichwani. Ulisema mmekesha wewe na Nassor mkibishana: ikipatikana dawa ya kutokufa, mtu aimeze au asiimeze? Wewe ukasema utaimeza na maji yake, Nassor akasema astaghfirullah, na mimi nikatakiwa niamue. Basi nitakwambia ninavyoona, ingawa sina hakika kama nitafika mwisho wa maneno yangu.

Kwanza, siko na wanaosema kutaka kuishi sana ni kukosa imani. Mwaka 1960 mtoto aliyezaliwa Tanganyika alitarajiwa kuishi miaka isiyofika 45. Leo Tanzania tumeshavuka 65. Miaka hiyo tumeipata kwa chanjo ya surua, kwa vyandarua, kwa wakunga waliosomea kazi, kwa dawa za Ukimwi, na sijamsikia shekhe hata mmoja akisema tuirudishe. Kila anayenyanyua mikono kwetu anaomba umri mrefu. Kwa hiyo usimwache Nassor akutishe kwa hilo.

Lakini sikiliza dua yenyewe inavyoendelea. Tulifundishwa chuo cha Kurani, mimi na wewe tumekaa mstari mmoja, kwamba Mtume alikuwa akijikinga kwa Mungu asirudishwe kwenye umri dhalili. Kwa hiyo anayeomba umri anauombea na hali yake. Wewe uliposema "kuishi milele" ulikusudia kuishi milele ukiwa na umri gani? Thelathini? Au kama Bibi, ambaye akitaka kwenda chooni usiku lazima aniamshe, na kuniamsha kunamuumiza kuliko magoti? Najua utanijibu kwamba dawa yako inazuia uzee pia. Haya, tuseme inazuia.

Maana uliniletea na habari za yule fuko asiye na manyoya. Nimezisoma zote. Mnyama wa kwetu kabisa, anaishi chini ya ardhi Kenya, Somalia na Ethiopia, na sisi tunamjua kwa kuwa Wamarekani wamemtia maabara! Ana ukubwa wa panya, na panya wa maabara hafikishi hata miaka minne, lakini yeye anavuka 30. Watafiti wa Calico, kampuni iliyoanzishwa na Google mwaka 2013 kuchunguza uzee, walitoa hesabu zao mwaka 2018 kwamba fuko huyu kadiri anavyoongeza miaka hatari yake ya kufa haiongezeki. Ni jambo kubwa, silidharau. Lakini umesoma na namna wanavyokaa? Shimo zima anazaa jike mmoja, malkia wao. Wengine wanachimba na kulea watoto wa mwenzao, mwaka hata mwaka, na nafasi haipatikani mpaka malkia afe, na akifa majike wanaumana kuigombea. Nikaifikiria nyumba yetu ya urithi, unavyoijua ilivyo na wenyewe wengi. Sasa wawepo na baba zao, na babu zao, wote wazima, wote wana nguvu, kila mmoja na neno lake juu ya nani akae chumba cha juu na nani aolewe na nani. Maulidi angelipata wapi chumba cha kuolea?

Huyo Maulidi ndiye aliyeniongezea jengine. Siku hizi anapeleka wageni kisiwani Changuu kuwaona kobe, na anasema suali la kwanza la mgeni ni umri: kila kobe kaandikwa miaka yake kwa rangi mgongoni. Kobe wale walitoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi, na ni wanyama wa kuishi zaidi ya miaka mia. Mwaka 1955 walikuwa wameshafika kama 200. Mwaka 1996 walibaki 7. Hawakufa kwa uzee, waliibiwa. Kwa hiyo dawa yako, Rahma, hata ikifanya kazi, itakuondolea uzee tu. Haitakuondolea bahari, wala gari, wala watu. Utaishi mpaka kitu kikupate, na nadhani mwenye milele mkononi ataogopa kuvuka barabara kuliko sisi.

Lakini haya yote ni ya pembeni. Linalonikaa rohoni ni lile daftari.

Unamjua Jeanne Calment, yule bibi wa Ufaransa? Kazaliwa Arles mwaka 1875, kafa huko huko mwaka 1997, ana miaka 122, na katika walioandikwa na kuthibitishwa hajapatikana aliyemfikia. Watu hupenda kuhadithia habari ya mwanasheria wake: mwaka 1965 bibi ana miaka 90, mwanasheria akakubali kumlipa kila mwezi mpaka afe, kisha nyumba iwe yake. Akalipa miaka 30, akatangulia kufa yeye, mkewe akaendelea kulipa. Wanacheka. Mimi nikasoma chini zaidi. Binti yake wa pekee alikufa mwaka 1934. Mjukuu wake wa pekee, ambaye yeye ndiye aliyemlea, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1963. Baada ya hapo aliishi miaka 34. Wanahabari walikuwa wakimwendea kila siku yake ya kuzaliwa na kumuuliza siri ya umri. Ningependa kujua nani alikuwa akimwendea siku za katikati.

Na Bibi ndiyo hivyo hivyo, ijapokuwa nyumba imejaa watu. Sisi wajukuu tunampenda, tunamlisha, tunamkanda miguu, lakini hatuwezi kumbishia. Unanielewa? Akisema mwaka fulani mchele wa Burma ulikatika kwa sababu ya vita wakala mtama na muhogo, sisi tunaitikia "naam Bibi". Akisema Siti binti Saad aliimba uani kwa kina Bi Asha na yeye alikuwapo, tunaitikia naam. Siti kafariki mwaka 1950, nani kati yetu atasema haikuwa hivyo? Zamani akihadithia, alikuwa amechungulia kwa dirishani. Sasa Siti kamshika kichwa na kumwombea dua. Sisi tunaifurahia hadithi, lakini yeye mwenyewe usiku ule wa Ijumaa aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Siku hizi sijui kama niliona au niliambiwa. Zuwena alikuwapo. Zuwena angesema."

Rahma, wewe unaweza kuishi bila ya mtu wa kukwambia "hapana, ulilala, mimi ndiye niliyemsikia"? Mimi nafikiri siwezi. Tukikutana mimi na wewe, nusu ya mazungumzo ni kubishana nani alianguka kwenye mtaro siku ya mvua ya skuli. (Wewe.) Siku hiyo ikibaki kichwani mwangu peke yangu, sitajua tena kama ilikuwapo. Huo ndio upweke ninaouona kwa Bibi, na haupungui kwa kuongezewa watu wapya. Siku ya Pensheni Jamii tunampeleka kuchukua fedha yake, ile ambayo Serikali ilianza kuwapa waliofika miaka 70 tangu mwaka 2016. Zamani alikuwa akivaa kanga mpya siku hiyo na kutia udi, kwa sababu atawakuta wenzake. Sasa wazee wa miaka sabini wanasimama kumpisha na kumwamkia shikamoo. Wakati ule wao wanakojoa kitandani yeye alikuwa mwari! Anaitikia marahaba, anachukua fedha, anataka kurudi nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mimi peke yangu siimezi. Mkinipa dawa ya watu wote wa daftari, nitakaa nifikiri. Na nimeona hata katika yale tuliyoahidiwa, ambako ndiko milele yenyewe ilipo, haikuachwa hivi hivi. Fungua Sura ya At-Tur, pale inaposema walioamini na dhuria zao wakawafuata kwa imani, watakutanishwa nao. Nilipoisoma mara hii nilisimama pale pale. Milele imekuja na watu wake.

Ungenikuta hapo ungeniona nimemaliza, na Nassor angenipa ushindi. Lakini kuna usiku kifua cha Bibi kinabana, anavuta pumzi kwa sauti, mimi nimemwegemeza kwenye mito nahesabu baina ya pumzi na pumzi. Na saa hizo, wallahi, kama mtu angebisha hodi na hiyo dawa yako, ningempa Bibi. Nisingemuuliza hata yeye mwenyewe. Ningempa kwa ajili yangu mimi. Maana kuna mambo mimi nimeyafanya nikiwa na miaka mitatu ambayo anayajua yeye tu, na akiondoka nayo… Basi. Mama naye ana miaka yake sasa. Sitaki kuliandika hilo.

Nirudi kwenye haja. Mimi nataka waongee, mara moja tu ikiwezekana, mara nyingi Mungu akijaalia. Ipigwe kwa sauti tu, usiweke picha, kwa sababu Bibi haoni kioo cha simu na ataona haya kwamba mwenziwe anamwona yeye hamwoni. Sikio lake zima ni la kulia, mimi nitamshikia. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, saa kumi na nusu yetu, kwenu itakuwa saa kumi na moja na nusu. Asubuhi anasinzia. Ikiwa Bi Zuwena amepunguza kusikia naye, basi wewe kaa upande wako na mimi upande wangu, tuwe tunarudia maneno yao kwa kelele kama wapiga mnada, haidhuru. Muhimu wasikie sauti zao. Sijamwambia Bibi chochote bado, nisije nikampa matumaini kumbe huko hali si nzuri. Ikiwa si nzuri niambie kweli, usinifiche kwa kunionea huruma. Nitajua namna ya kumwambia.

Na kama yuko vizuri, kabla hamjatupigia, muulize taratibu kuhusu usiku wa Siti, halafu usiniambie alivyojibu. Nataka Bibi alisikie mwenyewe, wagombane huko huko simuni.

Je, Bi Zuwena anazungumza Kiswahili bado nyumbani, au wamezoea Kiarabu tu? Anamtaja Bibi? Anakumbuka nyumba yetu, mlango wa bluu? Nassor atakubali nimsumbue bibi yake, au nimwombe mwenyewe? Na wewe, hujanijibu: ile dawa ungeimeza Nassor akikataa kuimeza? Utakuja harusini? Ukija, unaweza kumleta Bi Zuwena, anaweza kupanda ndege bado? Nauliza mengi, nijibu la kwanza kwanza, hata kwa neno moja, leo ukiweza.

Wabusu watoto. Mwambie Nassor halua ya Bibi yake asiiguse.

Wako,
Mwanaisha