Kwako Suka wangu

Chumbageni, Tanga
14 Juni

Ndugu yangu Suka,

Salamu sana. Huku hatujambo, mvua imekatika na magoti yangu yametulia. Ama baada ya salamu, shemeji amenieleza. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Eti vidonge vya presha umeviacha tangu Ramadhani kwa kuwa umepona, na sasa ni kitunguu saumu kila asubuhi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Wewe unalijua gari, basi nitasema kigari. Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia inapokea damu iliyokwisha kuzunguka mwili na kuisukuma mapafuni ikachukue hewa. Ya kushoto inaipokea ikitoka huko na kuisukuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Ndani mna valvu zinazozuia damu isirudi ilikotoka. Selfu yake iko humo humo: sehemu ndogo kwenye chumba cha juu cha kulia inajipigia umeme yenyewe, na kwa siku mapigo yanafika kama 100,000. Hata ukiwa umekaa barazani unacheza bao, pampu hiyo yenye ukubwa wa ngumi yako inasukuma karibu lita 5 kwa dakika. Ndoo kubwa ya maji inajaa kwa dakika nne!

Kilichonishangaza zaidi ni hiki: moyo umejaa damu saa zote, lakini si hiyo inayoulisha. Unalishwa na mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje, na upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya chakula chake pale moyo unapolegea, kati ya pigo na pigo. Unakula ukiwa umepumzika. Mishipa hiyo ndiyo inayoharibika. Mafuta yanajijenga ndani ya kuta zake mwaka hadi mwaka, kisha siku moja panapasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba, na nyama ya moyo iliyo mbele ya kizuizi inaanza kufa.

Presha inahusikaje? Ile namba ya juu ni nguvu ya damu moyo ukisukuma, ya chini ni ukilegea. Ikipimwa siku tofauti na bado ikawa 140 kwa 90 au zaidi, ndiyo presha ya kupanda. Inachubua kuta za mishipa, mafuta yakapata pa kushika, na chumba cha kushoto kinasukuma kwa taabu mpaka msuli wake unanenepa na kukakamaa. Gari likichemka kwenye kona za Soni ulikuwa unaona mshale. Presha haina mshale, Suka. Wengi hawasikii chochote. Huko kupona kwako ilikuwa kazi ya vidonge.

Sasa nikuchekeshe. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi ni lile lile, lakini madereva waliugua moyo kuliko makonda, kwani konda alishinda akipanda na kushuka ngazi na dereva alishinda amekaa. Unakumbuka nani alikuwa anapanda kwenye keria na magunia ya kabichi pale Lushoto, na nani alikuwa kwenye usukani anapiga honi? Usinune. Baadaye Morris huyo huyo alipekua vipimo vya sare akakuta viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makonda, hata kwa vijana. Kwa hiyo huenda kiti hakina lawama yote. Nimekuambia na hilo ili usije ukadai nimekupunja nauli.

Sigara uliacha, na hapo nakuvulia kofia. Lakini baba yako aliondoka kwa kiharusi, na wewe chumvi unaimwaga kabla hata hujaonja mchuzi. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko cha chai, na humo imo ya ng'onda na ya mkate pia.

Kitunguu saumu endelea nacho, ni kiungo kizuri, ila hakishiki nafasi ya dawa. Shemeji anasema vidonge vilikuwa vinakuvimbisha miguu. Hilo ndilo ungelimwambia daktari! Dawa za presha ziko za aina nyingi, angekubadilishia. Na ukisikia kifua kimebanwa kama umelaliwa na gunia, maumivu yakashuka mkono wa kushoto au yakapanda taya, na jasho jembamba likakutoka, usiniambie ni gesi. Hospitali papo hapo, na usiendeshe wewe.

Jumamosi napanda basi la kwanza, saa nne nitakuwa Mombo. Nakuja na kipimo changu cha presha, kwa hiyo usinywe kahawa kabla sijafika. Kisha tutatembea kwa miguu mpaka kliniki, mimi na wewe, polepole. Mwambie shemeji ng'onda asiitoe.

Wako,
Konda