Lori la fataki likipinduka, soma herufi kwanza

Ndugu Mhariri,

Neno fataki lina maana mbili nchini kwetu. Mjini ni zile za mkesha wa mwaka mpya, ambazo wengine huziita fashifashi. Mgodini, fataki ni kile kibomba cha alumini, chembamba kama kalamu, kinachoamsha baruti ndani ya tundu la mwamba. Mtu akipiga 114 na kusema "lori la fataki limepinduka", Zimamoto hawajajua bado wanakwenda kukabili nini. Ndiyo maana tunaomba swali la pili la anayepokea simu liwe moja kila mara: kibao cha ubavuni kimeandikwaje?

Kibao chenyewe ni cha rangi ya machungwa, cha pembe nne, kimesimama kwa ncha. Tarakimu inataja aina ya hatari. Kwenye 1.1 shehena yote hulipuka kwa mkupuo mmoja, 1.2 hurusha vipande, 1.3 huwaka kwa moto mkali sana; 1.4 ni vitu vidogo ambavyo mlipuko wake unatarajiwa usivuke mbali na boksi. Vibao vya 1.1 hadi 1.3 vina picha ya bomu likipasuka. Cha 1.4 hakina picha, kina tarakimu tupu, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Chini ya tarakimu kuna herufi: B ni fataki za mgodini, G ni fashifashi na jamaa zake, S ni vitu ambavyo vikiwa ndani ya kifungashio chake madhara yake hayaendi mbali, mfano risasi za bunduki au utambi wa usalama.

Mwongozo wa dharura unaotumiwa barabarani Marekani, Kanada na Meksiko unatoa umbali wa kuanzia, na tunauona unafaa hata kwetu. Kwa 1.4, mzigo ukimwagika bila moto, watu wakae mita 100 kila upande, yaani urefu wa kiwanja cha mpira. Moto ukilishika tela, ni mita 500, na waokoaji wenyewe wanaondoka pia. Kwa 1.4S pekee inaruhusiwa mita 15, zaidi kidogo ya urefu wa basi kubwa, na moto huo unaweza kupigwa kwa tahadhari za kawaida. Kwa 1.1, 1.2, 1.3 na 1.5 (baruti ngumu kuamka, lakini ikiamka hulipuka yote kwa mkupuo) mambo ni mengine kabisa: mita 500 bila moto, mita 1,600 moto ukifika kwenye mzigo. Kwa sadfa, katika mwongozo huo maelekezo ya kundi hili la pili yana namba 112 na yale ya 1.4 yana namba 114, sawasawa na simu za Polisi na Zimamoto hapa Tanzania. Anayefundisha trafiki atumie sadfa hiyo, haisahauliki. Kibao kisiposomeka, chukua umbali mkubwa kuliko yote. Asitumwe mtu kusogea akasome.

Sasa tufike penye kosa ambalo hata wenye mafunzo hulifanya. Fataki ileile moja inaweza kusafiri kama 1.1B, 1.4B au 1.4S. Baruti iliyomo ni kiasi cha gramu moja tu katika hali zote tatu. Kinachobadilika ni ufungashaji: zimepangwaje, zimetenganishwa na nini, boksi limepimwa vipi, ili moja ikilipuka zisifuatane zote. Kwa maneno mengine, ile herufi S ni sifa ya boksi. Lori likibingirika, maboksi yakapasuka na fataki zikatapakaa mtaroni, sifa hiyo imekufa palepale, na mita 15 hazina msingi tena. Maboksi yakiwa yamechanika, 1.4S ichukuliwe kama 1.4 ya kawaida: mita 100, na 500 kukiwa na moto. Na gramu moja si kitu cha kubeza. Ikilipukia kiganjani huondoa vidole na kupofusha macho.

Fataki za umeme zina hatari yake ya pekee. Kila moja ina nyaya mbili, na nyaya hizo zinaweza kunasa mawimbi kama antena. Kiwandani ncha zake huunganishwa pamoja ili umeme wa nje usipite kwenye kiwashio; ajali inaweza kuuvunja muunganiko huo. Kwa hiyo redio ya upepo ya polisi, ya gari la Zimamoto au ya msindikizaji isibonyezwe ndani ya mita 100. Simu za mkononi nazo zibaki nje ya mpaka huo. Dereva aliyetoka salama achukue karatasi za mzigo, atembee mita 100 akielekea upepo unakotoka, ndipo apige. Wingu la radi likikaribia, watu wazidi kurudi nyuma.

Moto wa gari la baruti aghalabu hauanzii kwenye baruti. Huanzia kwenye injini, breki iliyokwama au tairi. Tairi pacha ndizo mbaya zaidi: la ndani huisha upepo, dereva haoni, linasuguana na mwenzake hadi linawaka. Hapo dakika za mwanzo zina thamani kubwa, kwa sharti moja: mwali uwe haujagusa mzigo. Mwaga maji kwa wingi. Kizimamoto cha unga cha kilo 9 hulaza mwali lakini huisha chini ya nusu dakika na hakipoozi mpira, kwa hiyo tairi hurudia kuwaka mara watu wanapodhani kazi imekwisha. Pasipo maji, tumia udongo, kisha abaki mtu mwenye kizimamoto cha pili akilitazama. Mwali ukishagusa mzigo, acha kila kitu uondoke. Mzigo uliopata joto usihamishwe, wala lori lisivutwe na breakdown, mpaka mtaalamu wa baruti afike na kuamua.

Moshi wake nao una hila. Gesi za naitrojeni zinazotoka, mara nyingine zikiwa na rangi ya kahawia, huumiza mapafu saa kadhaa baadaye. Aliyeuvuta apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Jicho lililopigwa na kipande lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe na kitu kigumu kama kikombe cha karatasi.

Kuhusu umati, tumekwisha kufundishwa kwa gharama kubwa. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu takribani 100 walikufa kwa kuwa walikaribia lori la mafuta lililopinduka. Ghana, Januari 20, 2022, lori la milipuko ya migodi liligongana na pikipiki katika kijiji cha Appiatse. Likashika moto, watu wakasogea kutazama, kisha likalipuka na kusambaratisha sehemu kubwa ya kijiji. Shehena ile haikuwa ya vifaa vidogo, lakini mtu aliyesimama kando ya barabara hawezi kuijua tofauti kwa kuutazama moshi. Kwa hiyo bodaboda wa kwanza kufika ana kazi mbili tu: azuie magari kutoka pande zote mbili, na awarudishe watu.

Tunaomba mambo matatu kwa mamlaka. Kila kituo cha Zimamoto katika njia ya kwenda migodini kipewe taarifa kabla msafara haujapita, ikitaja tarakimu, herufi na idadi ya maboksi. Kila trafiki apewe kadi ya mfukoni yenye umbali huu. Na ukaguzi wa mabuti ya mabasi ukazwe, kwa sababu fataki iliyofichwa kwenye begi la abiria haina kibao, haina boksi lililopimwa, na mwokoaji atakayekata bati kumtoa majeruhi hatajua kuwa ipo.

Mwisho ni kuhusu siku ya pili, ambayo haipewi uzito. Barabara ikifunguliwa haraka, fataki hubaki nyasini, zikiwa na nyaya za rangi zinazowavutia watoto. Eneo lipekuliwe kwa macho na wataalamu, mstari kwa mstari, bila jembe wala fyekeo, na vipande vihesabiwe dhidi ya karatasi ya mzigo. Hesabu isipotimia, utepe usitolewe, shule ya jirani iarifiwe, na wenyeji waambiwe wasichome nyasi za mtaro huo msimu mzima.

Wakufunzi wa usalama wa mizigo ya hatari,
Mwanza