Barua ya malalamiko: mlituambia Ulaya ni moja

Ujiji,
Kigoma.
18 Agosti 2025

Meneja,
Wakala wa Tiketi na Safari,
Tawi la Kigoma Mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA LONDON YA TAREHE 14 HADI 16 MACHI 2025, NA MADAI YA KUREJESHEWA SH 1,380,000

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na ninasoma shahada ya pili katika mji wa Leuven, Ubelgiji. Nipo nyumbani kwa likizo. Tiketi yangu ya kwanza ya kwenda masomoni, Septemba mwaka jana, mlinikatia ninyi. Safari ilikwenda salama, na tuliwasifu kwa majirani. Kwa hiyo mama yangu alipotaka kunipa zawadi baada ya mitihani ya muhula wa kwanza, hakwenda ofisi nyingine. Alipanda daladala hadi mjini, akaja kwenu.

Zawadi yenyewe ilikuwa wikiendi moja London, niende peke yangu, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Naomba nieleze kwa nini London, maana ofisini kwenu niliambiwa "hiyo ilikuwa matembezi tu, dada, utakwenda siku nyingine."

Babu yangu mzaa mama alikuwa akifagia majani ya miembe pale Ujiji, penye ule mnara wa ramani ya Afrika iliyokatwa msalaba, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mama alikua akimsikiliza babu akiwasimulia wageni. Na babu hakuwa akianza na Stanley wala Livingstone. Alikuwa akianza na Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo kwa miguu. Mwili huo ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, mwezi Aprili 1874. Jiwe la kaburi linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Babu alilijua neno hilo kwa moyo na alikufa bila kuliona jiwe. Mama akaniambia, "Wewe uko karibu, mwanangu. Nenda ukanipigie picha." Hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yangu.

Mama anauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Ninyi ni watu wa Kigoma, mnajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Alilipa kwa mikupuo miwili: Sh 700,000 tarehe 3 Februari, fedha ya giza la Januari, na Sh 680,000 tarehe 4 Machi, fedha ya giza la Februari. Risiti zote mbili ninazo. Katika ile ya pili mmechanganua kwa mkono: tiketi ya treni kwenda na kurudi 560,000, hoteli usiku mbili 670,000, gharama ya huduma 150,000.

Sasa nije kwenye kosa. Niliuliza kuhusu viza. Sikuuliza mara moja. Tarehe 10 Februari niliwaandikia kwa simu nikisema nina pasi ya kusafiria ya Tanzania na kadi ya ukaazi ya Ubelgiji, je, Uingereza wataniruhusu? Kesho yake mfanyakazi wenu akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Bado ninao, wa sekunde kumi na tisa. Anasema: "Dada, usiwe na wasiwasi, Ulaya ni moja. Kadi yako ya Ubelgiji inapita kila mahali." Wiki moja baadaye nikauliza tena, kwa sababu Mkenya mmoja darasani alinitia shaka. Nikajibiwa, "Tumeshasafirisha wanafunzi wengi, tulia." Nikatulia. Mama naye aliuliza kaunta siku ya kulipa mkupuo wa pili, akajibiwa hivyo hivyo.

Ijumaa tarehe 14 Machi nilitoka chuoni na kibegi cha mgongoni, nikapanda treni ya Brussels, mwendo wa karibu nusu saa. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri peke yangu si kwa masomo wala kwa msiba, ila kwenda kuona kitu. Katika Stesheni ya Midi, polisi wa Ubelgiji aliangalia kadi yangu akanipitisha. Hatua chache mbele kuna vibanda vya maofisa wa Uingereza, kwa kuwa anayekwenda London kwa treni hukaguliwa hapo hapo Brussels kabla ya kupanda.

Afisa aliipokea pasi yangu akaifungua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole gumba hadi wa mwisho. Kisha akarudi mwanzo, akapitia tena. Akaniuliza viza iko wapi. Nikampa kadi ya ukaazi. Aliisoma mbele na nyuma, akairudisha juu ya pasi, akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya Ubelgiji, na mimi nataka kuingia Uingereza. Nikamwonyesha karatasi yenu ya ratiba. Nikatoa simu, nikafungua ule ujumbe wa sauti, kidole kikiwa tayari juu ya alama ya kucheza, ndipo nikakumbuka kwamba hapo hakuna anayejua Kiswahili. Nyuma yangu kulikuwa na familia yenye watoto wadogo wakisubiri. Nikakalishwa kwenye benchi pembeni. Nilikaa hapo mpaka treni yangu ikatangazwa kwa mara ya mwisho. Nilipotoka mkononi nilikuwa na karatasi ya kukataliwa kuingia.

Karatasi hiyo haikuishia Midi. Fomu za kuomba viza huuliza kama umewahi kukataliwa mpakani. Kila nitakapoomba, itanibidi nijibu ndiyo na kueleza.

Ndugu Meneja, jambo mlilokosea si siri wala si gumu. Kadi ya ukaazi ya Ubelgiji inamruhusu mwenye nayo kutembelea nchi nyingine za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Nchi za eneo hilo kwa sasa ni 29. Zimo Ujerumani, Ufaransa, Hispania, na hata Uswisi na Norwei ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya eneo hilo, hata kabla ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Jirani yake Ireland ni mwanachama wa Umoja lakini nayo haimo. Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza, awe ametokea Kigoma au Brussels. Na kwa kawaida maombi ya viza ya matembezi hujibiwa ndani ya wiki tatu. Mama alilipa mkupuo wa kwanza wiki tano na zaidi kabla ya safari. Mngesema ukweli siku ile, ningeomba viza nikiwa hapo hapo Ubelgiji. Au mngesema hamjui, tungeuliza kwingine.

Mngenipeleka Paris au Cologne kwa kadi ile ile, nisingekuwa na neno. Lakini "Ulaya ni moja" ni kauli ambayo mtu wa Kigoma hakupaswa kuitoa. Ziwa letu ni moja na nchi zake ni nne. Kila siku Kibirizi watu wanapanda boti za kwenda Burundi na Kongo, na hakuna nahodha anayemwambia abiria kwamba kwa kuwa maji ni yale yale, makaratasi ya Bujumbura yatamtosha Uvira.

Jumamosi nilirudi Midi kuulizia fedha ya tiketi. Kaunta wakanieleza kwamba kuwa na hati sahihi ni jukumu la abiria, na tiketi ya aina mliyonikatia hairudishwi fedha. Hoteli nayo ikahesabu kwamba mgeni hakutokea, ikachukua malipo yote. Nikatembea kuelekea katikati ya jiji kwa sababu sikuwa na pa kwenda na sikutaka kurudi chumbani. Karibu na jengo la zamani la soko la hisa nikaona kibao ukutani kimeandikwa kwa lugha zao mbili: Mtaa wa Tabora. Tabora hii yetu, ambayo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliiteka Septemba 1916. Nilisimama chini ya kibao kile nikalia. Nikakipiga picha, nikamtumia mama badala ya jiwe la babu.

Fedha inauma, lakini kilichoniuma zaidi mlikifanya hapa Kigoma, nikiwa mbali.

Jumatatu ya tarehe 17 Machi mama alikuja ofisini kwenu. Alikuja kuuliza, hakuja kugombana. Mfanyakazi wenu alimwambia mbele ya wateja wengine, "Mama, wenzake wote wanapita. Labda binti yako ana tatizo lake huko." Mama yangu ana miaka hamsini na nane na hajawahi kuvuka ziwa. Angejuaje kwamba hilo si kweli? Usiku ule alinipigia. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, nadhani ili wadogo zangu wasisikie. Akaniuliza, "Mwanangu, umefanya nini huko? Niambie mimi mama yako." Nilimweleza mambo ya Schengen mpaka salio likaisha. Alinisikiliza, akasema sawa, lakini nilijua bado ana hofu. Kumbe kaunta yenu ilikuwa na watu wanaomfahamu. Ndani ya siku mbili maneno yalishafika Kibirizi kwamba binti wa fulani amefukuzwa Uingereza. Nilipofika nyumbani mwezi wa saba, shangazi yangu mmoja alinivuta kando akaniuliza kama nimerudi kwa likizo au nimerudishwa.

Nimekuja kwenu mara mbili. Tarehe 21 Julai dada wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akasema suala liko makao makuu Dar es Salaam. Tarehe 4 Agosti nikaambiwa aliyenijibu kwa sauti ameshaacha kazi, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Hilo silikubali. Namba iliyonijibu ni ya ofisi, ndiyo iliyochapwa juu ya risiti, na fedha iliingia ofisini. Simtafuti kijana yule. Huenda naye hakufundishwa, akarudia alichosikia kwa wakubwa zake.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza nirejesheeni Sh 1,380,000 zote, pamoja na gharama ya huduma, kwa sababu huduma yenyewe, yaani kutuambia nini kinahitajika, ndiyo iliyotuangusha. Fedha hiyo apewe mama mkononi mwake, si kupitia kwangu.

Pia naomba barua yenye mhuri, kwa Kiswahili, inayosema kwamba nilikataliwa kuingia Uingereza kwa kukosa viza, kwamba nililiuliza jambo hilo kabla ya safari, na kwamba ofisi yenu ndiyo iliyonijibu vibaya. Nitaiambatisha kwenye maombi yangu ya viza ya baadaye pamoja na tafsiri. Lakini hasa ni ya mama. Nataka awe na karatasi ya kumwonyesha yeyote atakayemuuliza pale mwalo.

Na kabla hamjamkatia mtu mwingine tiketi ya wikiendi kama yangu, tafadhali wekeni pale kaunta orodha ya nchi za Schengen na zile zisizokuwamo. Ni ukurasa mmoja tu. Kila mwaka watoto wa Kigoma na Tabora wanakwenda kusoma Ulaya, na wazazi wao wanaileta fedha yao kwenu kwa sababu wanaamini mnajua njia ambayo wao hawaijui.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na nimejiandaa kulifikisha suala hili Tume ya Ushindani iwapo sitapata jibu. Sipendi tufike huko.

Nimeambatisha nakala za risiti zote mbili, karatasi ya Midi na maandishi ya mazungumzo yetu. Ujumbe wa sauti nitauleta mwenyewe. Jumatatu tarehe 25 Agosti, saa nne asubuhi, nitafika ofisini nikiwa na mama. Naomba siku hiyo awepo mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na yule aliyemjibu mama tarehe 17 Machi naye awepo, amwambie mwenyewe kwamba binti yake hakuwa na tatizo lolote.

Wenu mteja,
Mwanafunzi wa Ujiji
(risiti za tarehe 3 Februari na 4 Machi 2025)