Kikao cha Jumamosi: gari letu la kwanza la mbio

Ndugu wanachama, habari za jioni.

Tutakutana Jumamosi hii saa tano asubuhi mlangoni pa National Sprint Car Hall of Fame, jumba la makumbusho la “sprint” (magari mepesi ya mbio za njia fupi za mviringo, hasa za udongo), mjini Knoxville, Iowa. Magari yataondoka Des Moines saa tatu na nusu.

1. Mchango ni dola 150 kwa kila mmoja, na mweka hazina ataupokea hadi Ijumaa jioni.

2. Tutaamua kuhusu kununua gari lililotumika la daraja la mikro (sprint ndogo), lenye injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 600, kwa sababu injini ya inchi za ujazo 410, ya sprint kubwa, peke yake hugharimu makumi ya maelfu ya dola, nasi ndio kwanza tunaanza.

3. Helmeti, suti ya kukinga moto na mikanda ya kiti vitanunuliwa vipya, tena kabla ya gari lenyewe. Hapo naomba tusibane matumizi hata kidogo, maana mengi ya magari haya hutumia mafuta ya methanoli (aina ya alkoholi), ambayo moto wake ni vigumu kuuona mchana.

Mwenye trela au ujuzi wa kuchomelea vyuma anijulishe.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku kwa kuandika “Nitakuja” au “Sitaweza”, ili nipange nafasi za usafiri.

Asanteni sana,
Mratibu wenu