Kwa Rehema, kuhusu kipimo chako cha vitamini D

Mpendwa Rehema,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba maumivu ya mapaja uliyonieleza yameanza kupungua. Barua yako niliisoma mara mbili siku ileile iliponifikia, na sehemu iliyonikaa moyoni ni pale uliposema kwamba majibu ya damu yalikuuma kama shutuma, kwa kuwa unachagua chakula chako kwa makini na unafanya mazoezi siku tano kwa wiki, na bado vitamini D yako imeonekana kuwa nanogramu 13 tu kwa mililita. Umeniuliza umekosea wapi. Naamini hukukosea, wewe na mimi tulizoea kuihesabu vitamini hii pamoja na zile zinazotoka kwenye matunda na mboga, ilhali yenyewe huingia mwilini kwa mlango mwingine.

Nakuambia hivi kwa sababu nami nilipita hapo. Miaka mitatu iliyopita kipimo changu kilisoma 11, wakati ambapo nilikuwa nikikimbia kila alfajiri kabla jua halijachomoza, kisha nikishinda ndani ya jengo hadi jioni. Sahani yangu ilijaa mboga za majani, kunde na nafaka zisizokobolewa, vyote vyema kwa afya, lakini hakuna hata kimoja chenye vitamini D ya kutajika. Daktari alinisikiliza nikiorodhesha mema yangu yote, kisha akaniuliza swali moja tu: jua linakuona saa ngapi? Sikuwa na jibu.

Jina lenyewe ndilo linalotupotosha. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, hata baada ya kupashwa moto na kupitishiwa hewa hadi vitamini A yake ikaharibika, bado yaliponya matege katika panya. Wakaona kwamba humo mna kitu kingine, wakakipa herufi iliyofuata baada ya C. Kwa kuwa kiligunduliwa ndani ya chakula, kikaitwa vitamini. Lakini kwa watu wengi sehemu kubwa ya vitamini D hutengenezwa na ngozi yenyewe: miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315 hivi huipiga aina fulani ya kolesteroli iliyomo ngozini na kuigeuza. Kutoka hapo ini huibadilisha kuwa umbo lile linalopimwa kwenye damu, na figo hulibadilisha umbo hilo kuwa homoni kamili, ambayo kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kunyonya kalisiamu. Vitamini D inapopungua sana, utumbo hunyonya asilimia 10 hadi 15 tu ya kalisiamu iliyomo katika chakula, badala ya 30 hadi 40, na mwili hulazimika kuichota kutoka kwenye mifupa. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye upungufu wa muda mrefu huumwa mifupa na kuhisi udhaifu wa mapaja na nyonga, hasa anapopanda ngazi au anapoinuka kitini. Sisemi kwamba hayo ndiyo yanayokusumbua wewe. Mwachie daktari aseme, kwa sababu maumivu ya misuli yana vyanzo vingi.

Sasa nije kwenye chakula, maana ndicho ulichokitilia mkazo. Mtu mzima hadi miaka 70 anashauriwa kupata uniti 600 kwa siku, yaani maikrogramu 15, na baada ya umri huo uniti 800. Kipande cha gramu 85 cha samoni iliyopikwa hukaribia kuzifikisha hizo 600 peke yake, na kijiko kikubwa cha mafuta ya ini la chewa huzipita mara mbili. Baada ya hapo ngazi inashuka ghafla: yai moja kubwa lina uniti 40 hivi, zote kwenye kiini, kwa hiyo ungehitaji mayai kumi na matano kila siku ili ufike, ini la ng'ombe halizidi yai kwa mengi, maziwa hayana kitu cha maana isipokuwa yaliyoongezewa kiwandani, ambayo glasi moja hutoa 100 au zaidi kidogo. Uyoga unaweza kuwa na nyingi ikiwa umeanikwa kwenye miale hiyohiyo ya urujuanimno, vinginevyo hauna. Kwa hiyo mtu asiyekula samaki wenye mafuta mara kwa mara, hata akila vizuri kiasi gani, si rahisi afike huko kwa chakula pekee. Jambo moja tu la kuongeza: vitamini hii huyeyuka katika mafuta, hivyo ule mlo wako usio na mafuta kabisa unaousifu hauisaidii kufyonzwa.

Suala la mazoezi ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Ni kweli kwamba tafiti nyingi zimeona watu wazima wanaojishughulisha zaidi wana vitamini D nyingi zaidi katika damu, na mtu akiisoma habari hiyo juujuu atadhani kwamba jasho ndilo linaloizalisha. Lakini jiulize ni nani hao wanaotembea, wanaolima na wanaoendesha baiskeli. Wengi wao wako nje mchana. Tena wako wale ambao uhusiano wao umegeuka: mtu anayeumwa, au aliyezeeka na kudhoofika, hukaa ndani, na kwa kukaa ndani hukosa jua, kwa hiyo ni ugonjwa uliopunguza vyote viwili, mwendo na vitamini. Pia wapo wanene, ambao kipimo chao huwa chini kwa sababu vitamini husambaa na kujificha katika mafuta mengi ya mwili, nao mara nyingi ndio wanaojishughulisha kidogo. Ukiyaondoa hayo yote, bado hubaki uhusiano mdogo, ambao umeonekana hata kwa wanaofanyia mazoezi yao ndani, na watafiti wanafikiri kwamba huenda misuli inayofanya kazi hulihifadhi lile umbo linalozunguka kwenye damu na kulirudisha polepole. Wazo hilo linanivutia sana, lakini halitoshi kukutoa kwenye 13.

Wewe unafanyia mazoezi katika ukumbi, nyuma ya madirisha makubwa uliyonisifia. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini D, ingawa joto na mwanga vinapita, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mimi nilikuwa nje, lakini saa isiyofaa: jua likiwa chini, miale hiyo hupita katika tabaka nene zaidi la hewa na sehemu kubwa humezwa njiani. Kanuni niliyopewa, ambayo naiamini kwa kuwa haihitaji chombo, ni kutazama kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, ngozi yako inatengeneza kidogo sana. Usikae hadi ukaungua, kwa sababu hakuna faida ya ziada. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha, huanza kuigeuza inayozidi kuwa vitu visivyo na kazi. Muda unaofaa hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kwa sababu melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huimeza miale hiyo, na ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana, jambo ambalo ningependa umkumbushe mama yako.

Kuhusu vidonge, usivikatae kwa kiburi cha kutaka kila kitu kiwe cha asili, kama nilivyofanya mimi kwa miezi minne isiyo na maana. Kwa kipimo kama chako vinafaa, kwa kiasi atakachopanga daktari, na uvimeze pamoja na mlo wenye mafuta. Ila usivitegemee kwa zaidi ya hapo. Katika jaribio lililofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 25,000, ambao wengi wao hawakuwa na upungufu, uniti 2,000 kila siku hazikupunguza saratani, maradhi ya moyo wala kuvunjika mifupa. Na usije ukashawishika kumeza dozi kubwa mara moja ili umalize kazi: wanawake wazee waliopewa uniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Bila ushauri wa daktari, mtu mzima hashauriwi kuzidisha 4,000 kwa siku, kwa sababu ikizidi sana kalisiamu hupanda katika damu na kuziumiza figo.

Wala usiache mazoezi yako, nakuomba. Mifupa inahitaji uzito na mvuto wa misuli ili iitumie hiyo kalisiamu. Ninachokuomba ni kuzihamisha siku mbili kati ya tano zitoke ukumbini ziende nje, saa ambayo kivuli chako ni kifupi, mikono ikiwa wazi. Kisha subiri miezi mitatu kabla ya kupima tena, kwa sababu lile umbo linalopimwa huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua nusu, na ukipima mapema utaona namba ambayo bado haijatulia. Yangu ilifika 27 kwa njia hiyo, kwa samaki mara mbili kwa wiki na kidonge kidogo cha kila siku.

Niandikie siku utakayopata majibu ya pili, na unieleze pia kama bado unashika ukuta unapopanda ngazi, kwa maana hilo limenipa wasiwasi kuliko namba.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura